Dakika Tatu za Kubadili Kalibu

Watu wanaposimulia habari za makampuni makubwa ya dunia, aghalabu husimulia siku za fahari: siku ya uvumbuzi, siku ya kutia saini mkataba, siku ambayo gari jipya lilitolewa hadharani mbele ya wapiga picha. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mkubwa, kwa kuwa hayamwelezi msikilizaji kazi iliyofanyika katika zile siku nyingine zote ambazo hakuja mpiga picha hata mmoja. Nimechagua kuichambua kazi moja ya namna hiyo, iliyofanywa katika viwanda vya Toyota nchini Japani kwa miaka zaidi ya 20, isiyopendeza macho wala kutajwa katika matangazo ya biashara, nayo ni kazi ya kubadili kalibu katika mashine za kupigia bati. Na rai yangu ni kwamba utajiri wa kampuni ile umejengwa juu ya kazi hiyo, na nyingine zinazofanana nayo, kuliko juu ya gari lolote moja lililopata kusifiwa.

Mlango wa gari, paa lake na boneti yake huanza vyote kama bati bapa. Bati huwekwa juu ya kalibu ya chuma, kalibu ya pili hushuka kutoka juu kwa nguvu ya mamia ya tani, na papo hapo bati hupata umbo. Lakini kalibu ya mlango haiwezi kutoa paa. Kila linapotakiwa umbo jingine mashine sharti isimamishwe, bolti zifunguliwe, kalibu yenye uzito mkubwa inyanyuliwe na kuondolewa, nyingine iletwe na kulinganishwa mahali pake kwa uangalifu mwingi, kwa maana ikienda upande kidogo tu bati hutoka na makunyanzi au huchanika. Kisha hupigwa bati la majaribio, likakaguliwa, kalibu ikasogezwa tena, likapigwa la pili, na hivyo hivyo mpaka mafundi waridhike. Katika miaka ya 1940 shughuli hiyo pale Toyota ilichukua saa 2 hata 3.

Tuifanyie hesabu, kwa mfano tu, ili tuone madhara yake. Tuseme mashine inapiga mabati 600 kwa saa. Ikiwa kubadili kalibu kunachukua saa 3, na mwenye kiwanda anahitaji milango 600 tu, basi mashine itafanya kazi saa 1 na kukaa bure saa 3, jambo ambalo hakuna mfanyabiashara awezaye kulistahimili. Kwa hiyo atapiga milango 6,000 kwa mkupuo mmoja, saa 10 za kazi kwa saa 3 za kusimama, naye atajiona amefanya busara. Lakini milango 5,400 isiyohitajika leo imekwisha kununuliwa bati lake kwa fedha taslimu au kwa deni. Inataka ghala, inataka mlinzi, inaingia kutu. Na ikiwa kalibu ilikuwa na kasoro, kasoro hiyo yamkini isigunduliwe mpaka milango yote 6,000 imekwisha kuharibika. Hasara ya namna hii ni ngumu kuitambua, kwa sababu katika daftari huandikwa kuwa ni mali.

Matajiri wa viwanda vya magari vya Detroit, Marekani, walikuwa na njia yao ya kuikwepa shida hiyo: waliuza magari mengi mno hata waliweza kuiacha mashine moja ipige umbo lile lile kwa majuma na miezi. Toyota haikuwa na soko la namna hiyo. Tangu ilipoundwa mwaka 1937 hadi 1950 haikuwa imetengeneza magari madogo ya abiria hata 3,000, na mwaka huo wa 1950 ilikuwa karibu kufilisika. Mabenki yaliyokusanywa na tawi la Benki ya Japani mjini Nagoya yalikubali kuikopesha, kwa sharti kwamba isitengeneze zaidi ya inavyoweza kuuza. Wafanyakazi zaidi ya 1,500 waliondoka kazini. Mgomo mrefu ukatokea. Na Kiichiro Toyoda, mwasisi wake, akajiuzulu mwezi Juni. Mwezi huo huo vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori, hata kampuni ikapata pumzi. Bahati hiyo ni ya kweli wala sitaki kuificha. Walakini bahati ya vita ilikwisha na vita vyenyewe, ilhali shida ya kalibu ilibaki pale pale, na kampuni isiyokuwa na fedha ya kujaza ghala haikuwa na hiari ila kujifunza kupiga mabati machache machache pasipo kupata hasara.

Aliyeishughulikia shida hiyo kwa uthabiti kupita wengine ni Taiichi Ohno, mtu aliyehamia kiwanda cha magari mwaka 1943 akitoka katika kiwanda cha nguo cha jamaa ya Toyoda. Kule kwenye nguo alikuwa amezoea kuona mwanamke mmoja akiangalia mitambo mingi ya kufumia, kwa kuwa mtambo aliouvumbua mzee Sakichi Toyoda mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Alipofika kwenye magari akamkuta fundi mmoja amesimama mbele ya mashine moja akiitazama inavyokata chuma. Mwaka 1947 akaanza kuzipanga mashine ili mtu mmoja ahudumie mbili, na baadaye zaidi. Mafundi wa zamani walimpinga, naye hakuwashinda kwa amri ya siku moja. Aliendelea kubadili upande mmoja wa karakana, akaangalia, akarekebisha, akahamia upande wa pili.

Katika habari ya kalibu ilikuja pia elimu ya Shigeo Shingo, mhandisi mshauri ambaye mwaka 1950 aliitwa katika kiwanda cha Mazda huko Hiroshima. Alikaa akitazama badiliko la kalibu kwenye mashine ya tani 800. Kalibu ya zamani ilikwisha kutolewa, mara fundi akaanza kukimbia huku na huku, akatoweka kwa muda unaozidi saa nzima, kisha akarudi ameshika bolti moja. Kumbe bolti ya kufungia kalibu mpya ilikuwa imepotea, naye alikwenda kuchukua bolti ndefu ya mashine nyingine, akaikata, akaichonga meno upya. Na bila shaka siku ya kuandaliwa mashine ile nyingine, taabu ingeanza tena kwa ukosefu wa bolti aliyoikata. Hapo Shingo akatambua kuwa kazi ni za aina mbili: zile zisizofanyika ila mashine imesimama, alizoziita za ndani, na zile ziwezazo kufanyika ingali ikienda, alizoziita za nje, kama vile kutafuta bolti, kuleta kalibu karibu na kupanga zana. Mafundi walikuwa wakizichanganya zote, mithili ya mpishi wa karamu anayewasha moto kwanza ndipo atoke kwenda dukani kununua mchele.

Jambo hili sahili lilihitaji miaka 19 kukomaa. Mwaka 1969 Shingo alikuwa Toyota mbele ya mashine ya tani 1,000 ambayo kubadiliwa kwa kalibu yake kulichukua saa 4, na habari zilikuwapo kwamba Volkswagen ya Ujerumani hufanya kazi hiyo kwa saa 2. Kwa muda wa miezi 6 walitenganisha kazi za ndani na za nje, wakaboresha kila moja, wakafika dakika 90. Ndipo uongozi ukaagiza zishuke mpaka 3, na kwa miezi mingine michache zikashuka. Walichofanya hakikuwa na uchawi wowote. Kalibu zote ziliongezewa vipande vya chuma ili ziwe na kimo kimoja, kusiwe tena na haja ya kurekebisha mashine. Viliwekwa vizuizi vya kuielekeza kalibu ikae mahali pake yenyewe. Na bolti nyingi zikaachwa, zikawekwa kabari na vibanio. Shingo alionyesha kuwa nati inayozungushwa mara 15 hukaza katika mzunguko wa 15 tu, na kwamba ile 14 ya kwanza ni taabu bure. Ni nani miongoni mwetu aliyekwisha kufungua gurudumu la gari asiyejua hayo kwa mikono yake, na ni wangapi tuliopata kuyafikiri?

Kwa hesabu za Ohno mwenyewe, mashine za kawaida za kiwanda zilikwisha kufika dakika 15 mwaka 1962, na dakika 3 mwaka 1971. Irudie sasa ile hesabu yetu ya milango 600: saa 1 ya kazi kwa dakika 3 za kusimama. Ghala halihitajiki, deni la bati limepungua, na kalibu yenye kasoro hujulikana mapema. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 na biashara ikaanguka, makampuni yaliyozoea kutengeneza kwa wingi yaliemewa na ghala zilizojaa, ilhali Toyota iliinuka upesi, na hapo ndipo wengine nchini Japani walipoanza kuuliza inafanyaje kazi. Swali lilichelewa kwa robo karne.

Haki yanitaka niseme na upande wa pili. Mwandishi Satoshi Kamata alifanya kazi Toyota kama kibarua wa msimu mwaka 1972, akaandika kitabu kinachoeleza uchovu na kasi isiyomwachia mtu nafasi ya kupumua. Ushahidi huo ni mzito. Tadbiri hii inapotumiwa kuzipunguza dakika za chuma kusimama ni neema kwa wote. Inapotumiwa kuzipora dakika za binadamu kuvuta pumzi, imegeuka dhuluma. Wala haifai kusahau kwamba mapendekezo ya wafanyakazi, ambayo Toyota ilianza kuyapokea kwa utaratibu rasmi mwaka 1951, yalipatikana kwa kuwa baada ya mgomo ule uongozi ulijitahidi kutofukuza watu tena. Fundi anayehofu kuwa werevu wake utamkosesha ajira ataficha werevu huo, naye hana taksiri.

Kwa hiyo wewe mwenye karakana ya kuchomelea madirisha, au mwenye kinu cha kukamua alizeti pale Singida, kabla hujaenda benki kuomba mkopo wa mashine ya pili, tundika saa ukutani na daftari chini yake, na kwa muda wa mwezi mmoja kila mashine yako inaposimama iandikwe imesimama lini, imeanza tena lini, na kwa sababu gani. Usimkemee mtu yeyote kwa yatakayoandikwa humo, na jioni ya kila siku liseme shauri moja dogo na wale wanaoishika mashine kwa mikono yao.