Kwaheri Yenye Gita: Namna ya Kuupima Wimbo wa Majonzi

Sultan Hamud ni mji wa wapita njia. Ulizaliwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ukapewa jina la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu mwaka huohuo hadi 1902. Mpaka leo unaishi kwa wasafiri wa barabara ya Mombasa: madereva wa trela, abiria wa mabasi ya usiku, vijana wa Makueni wanaokwenda Nairobi kutafuta kazi. Katika mji ambao kila siku kuna mtu anayeagwa, nyimbo za kuagana husikilizwa kwa makini kuliko kwingi.

Nazo ni nyingi mno, na wingi huo ndio unaozifanya zihitaji mtu wa kuzichambua. Mwimbaji akilia, kila msikilizaji humwonea huruma, na huruma hiyo ni rahisi kuidhania kuwa uzuri wa wimbo. Mchambuzi mzoefu huiweka kando kwanza. Kisha anauliza swali moja: uchungu wenyewe umewekwa wapi? Wimbo hafifu huuweka wote kooni mwa mwimbaji. Wimbo bora huukabidhi kwa kitu kingine, mahali fulani, deni fulani, nyuzi za gita, na sauti ya mwimbaji ikabaki tulivu.

Tuanze na maneno. "Malaika", uliovumishwa na Fadhili William wa Kenya kwenye santuri za miaka ya 1960, umegombewa sana kuhusu nani aliyeutunga. Adam Salim wa Tanganyika naye alidai ni wake. Ugomvi huo hauondoi ustadi wake. Wimbo mzima unasimama juu ya jambo moja ambalo kijana yeyote wa Kibwezi au Mwingi analielewa: anapenda, anataka kuoa, hana fedha. Hakuna mchawi, hakuna msaliti, hakuna shemeji mbaya. Ni mfuko mtupu tu uliosimama kati ya watu wawili, na msikilizaji anaumia kwa sababu anajua gharama ya mahari. Wimbo wa majonzi usioweza kutaja sababu yake kwa sentensi moja ya kawaida hustahili kutiliwa shaka.

Wajapani, ambao nyimbo zao za mtindo wa enka zimejaa bandari, vituo vya treni na wapenzi walioachwa, wana mfano mzuri wa kuutia uchungu katika safari. Mwaka 1977 Sayuri Ishikawa alitoa "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki", maneno ya Yū Aku, muziki wa Takashi Miki. Mwanamke anashuka Aomori kutoka treni ya usiku iliyotoka stesheni ya Ueno, Tokyo, kisha anapanda meli ya kuvuka mlango wa bahari wakati wa baridi kali. Hatusimuliwi alivyogombana na mpenzi aliyemwacha nyuma. Tunaonyeshwa njia, na njia inatosha. Msikilizaji wa Sultan Hamud hana haja ya kuijua theluji ili auelewe wimbo huo. Ueno na Aomori ni kama Nairobi na Mombasa kwa yeyote aliyewahi kupanda treni ya usiku ya reli ya zamani. Kipimo kinachofuata kinatoka hapo: je, wimbo una mahali? Mtunzi anayetaja stendi, mto, mtaa au stesheni kwa jina humpa msikilizaji pa kusimama. Anayeimba dunia, moyo na machozi pekee humwacha hewani.

Lakini maneno ni nusu tu, pengine hata pungufu ya nusu. Mwaka huohuo wa 1977 Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya iliyoongozwa na Habel Kifoto, ilitoa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita kuhusu ugumu wa maisha ya mbali na nyumbani. Kenya nzima iliupenda, na wengi wao hawakujua Kitaita hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, uliotoka Japani mwaka 1961. Mwezi Juni 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani, ukiuzwa kwa jina la Sukiyaki, ambacho ni chakula cha nyama kisichohusiana na wimbo hata chembe. Ni wimbo wa mtu anayetembea peke yake usiku huku ameinua uso ili machozi yasidondoke, lakini muziki wake unatembea kwa furaha na ndani yake mna mluzi. Kicheko cha muziki juu ya majonzi ya maneno: hapo ndipo Wakamba, wenyeji wa Sultan Hamud, wanapoingia, kwa kuwa benga yao, muziki wa magita, imejengwa hivyohivyo.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Benga ilianza kwa Wajaluo, lakini ilipofika Ukambani iligeuzwa. Gita moja hushika sehemu ya chini na kubeba wimbo, na jingine hupanda juu kabisa na kupiga mfululizo wa noti nyepesi, za haraka, zinazojaza kila nafasi iliyoachwa wazi. Noti hizo huzunguka bila kukoma, zikirudi pale zilipoanzia. Sauti za waimbaji wawili au watatu hupangwa juu yake, na mara nyingi ni sauti zisizopaazwa. Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki 1987 akiwa bado kijana, alikuwa bingwa wa utulivu huo. Akiwa na kikundi chake cha Kilimambogo Brothers aliimba Kikamba na Kiswahili, na ndiyo maana alisikika mbali kupita mipaka ya Machakos na Kitui. Aliimba kama mtu anayetoa taarifa kwa jirani, na gita la juu ndilo lililohangaika kwa niaba yake.

Kwa hiyo wimbo wa aina hii usikilizwe mara kadhaa, kila mara kwa sikio jingine. Kwanza sauti. Kisha gita la juu peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho: je, linaendelea kusema jambo mwimbaji anaponyamaza, au linasubiri zamu yake tu? Halafu besi. Katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, besi ya Tom Malanga inatembea waziwazi chini ya gita la rithimu, bila haraka, na mwimbaji anajitetea juu yake mbele ya mwanamume aliyemkasirikia kwa sababu ya mwanamke. Wimbo huo una sifa nyingine ya kupigiwa mfano: unajulikana unasemeshwa nani. Umeelekezwa kwa mtu mmoja, usoni. Wimbo wa majonzi unaousemesha umati wote kwa pamoja hupoa upesi.

Santuri za zamani zilisaidia. Wimbo uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba kisa, wa pili ukaachiwa magita yachemke. Pale santuri ilipogeuzwa ndipo wimbo ulipojulikana. Kama kisa kilikuwa cha kweli, mcheza dansi aliendelea kukibeba miguuni hata maneno yalipoisha. Kama kilikuwa cha kubuni ovyo, upande wa pili uligeuka wimbo mwingine kabisa.

Pwani wana mizani yao. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua tuni za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kiswahili, mengi ya ndugu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa "Malenga wa Mvita". Katika taarabu hiyo sauti inaruhusiwa kulia, tena inatarajiwa. Asiyeijua hudhani kanuni ya utulivu imevunjwa. Haikuvunjwa: utulivu umo katika shairi. Vina na mizani vinamshika mwimbaji mkono, na fumbo linamzuia kumtaja aliyemwumiza. Pale mtunzi anapovunja mizani ili apate nafasi ya kulalamika, taarabu imeharibika, hata kama sauti ni ya dhahabu.

Kuna kasoro zinazojirudia siku hizi. Mwimbaji aliyeachwa huanza vizuri, akaishia kumtukana mwanamke kwa jina la kijijini kwao. Wimbo umekuwa baraza la kesi. Mwingine humaliza kwa mahubiri kuhusu vijana wa leo. Lakini kasoro inayoumiza zaidi ni ya ala. Kinanda cha umeme kikishika nafasi ya gita la juu, noti zinabaki zilezile na pumzi inapotea, kwa kuwa kidole cha mpiga gita huchelewa kidogo hapa na kuwahi kidogo pale, na kuchelewa huko ndiko kulikokuwa kilio chenyewe. Studio zinazoweka kinanda ili kubana gharama zinastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kwa anayetaka kuanza kulinoa sikio, "Malaika" inafaa kuliko zote kwa sababu imeimbwa na wengi mno. Aweke ya Fadhili William, kisha ya Miriam Makeba, kisha ya Boney M ya mwaka 1981, moja baada ya nyingine. Makeba ana sauti kubwa kuliko wote, na Boney M wana studio bora. Fadhili William ndiye pekee kati yao anayesikika kama mtu aliyehesabu fedha zake asubuhi hiyo akazikuta hazitoshi.