Ua la Asmini katika "Vuta N'kuvute"

Riwaya ya Bwana Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, aghalabu husomwa kama kisa cha siasa: Unguja ya miaka ya 1950, harakati za kuuondoa utawala wa Waingereza, na Denge anayewindwa na Inspekta Wright. Usomaji huo una haki yake, lakini humweka kando mwanamke ambaye kisa kinaanzia kwake. Jina lake ni Yasmin, na Yasmin ni asmini.

Huenda mwandishi alilichagua jina hilo kwa kuwa tu ni la kawaida miongoni mwa Wahindi wa mjini. Hata hivyo, msomaji wa Unguja halisikii bila ya kukumbuka harufu. Asmini huchumwa jioni ingali tumba. Hutungwa uzini, au hufungwa pamoja na rehani na mkadi ikawa kikuba. Huvaliwa, au humwagwa kitandani. Na kukicha, imekwisha kusinyaa, hufagiliwa. Vitenzi hivyo karibu vyote ni vya kutendwa. Kimoja tu ndicho cha ua lenyewe, nacho ni kufunguka, tena usiku, baada ya kwisha kukatwa shinani.

Ndivyo Yasmin anavyoingia katika kisa. Ameozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa, na anachukuliwa Mombasa bila ya kuulizwa. Anapotoroka na kurejea Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Kosa lake machoni pao si kwamba ameteseka, bali ni kwamba ametenda.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ua ni waridi la sala, sifa ya Bikira Maria, nalo limetundikwa juu mno kwa msichana wa Ukerewe anayepigwa na baba yake kwa ajili ya barua. Waridi hilo humdai Rosa usafi. Asmini haidai usafi. Hudai uwepo, yaani mwanamke awepo pale alipowekwa. Dai la pili linaonekana jepesi, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kulikataa.

Anayempokea Yasmin ni Mwajuma wa Ng'ambo, na jina hili nalo lisipitwe. Halina ua ndani yake. Lina siku, Ijumaa. Mwajuma ni maskini, anakaa peke yake, na mlango wake hufunguliwa na kufungwa naye mwenyewe. Utawa wa ndani ulikuwa jambo la mjini na la wenye nacho. Huko Paje, wanawake walikuwa wakizika makumbi ufukweni na kuyaponda wapate usumba wa kamba, na tangu mwaka 1989 hivi wakaanza kufuata maji yanapokupwa kwenda kulima mwani. Mume asiye na njia ya kumlisha mkewe ndani hawezi kumweka ndani. Uhuru huo ni wa jua na chumvi, wala si wa kupambwa. Lakini Mwajuma yu karibu zaidi na wanawake hao kuliko na Yasmin, na nyumbani kwake ndiko Yasmin anakojifunza kwenda apendako.

Dosari ya riwaya, kama ni dosari, iko mwishoni. Denge hayupo tena, na Yasmin yumo katika ndoa, safari hii kwa hiari yake, na Bukheti. Msomaji anafurahi naye, na mwandishi amestahili furaha hiyo. Lakini kila hatua kubwa ya Yasmin imepita katika nyumba ya mwanamume, isipokuwa moja. Na Mwajuma, aliyeifungua nyumba hiyo moja, anaachwa na kisa bila ya kupewa kisa chake.