Kayaki Moja kwa Mto na Bahari: Hesabu ya Mkaazi wa Magadi

Ziwa Magadi si la kupigia kafi. Sehemu kubwa yake ni tabaka gumu la magadi, linalochimbwa tangu mwaka 1911, na pale penye maji pana chemchemi za moto na heroe wasiotaka kusumbuliwa. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvuka kwa miguu matope ya Ziwa Natron, jirani yetu wa kusini, ili ayaone makao ya heroe kwa karibu. Maji ya magadi yalimwingia ndani ya buti, yakamchoma miguu hata akalazwa katika hospitali ya Magadi, na baadaye ikabidi abandikwe ngozi.

Kwa hiyo anayeishi huku akatamani safari za kayaki ananunua chombo cha maji yaliyo mbali naye. Jambo hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu mimi na mwenzangu wa Kitengela tulipotafuta kayaki moja ya kushuka nayo mtoni na kuingia nayo baharini.

Henry Morton Stanley alikabiliwa na swali hilihili kwa kipimo kikubwa. Alitaka mashua moja ya kuzunguka maziwa makuu kisha kushuka mto asioujua. Fundi James Messenger wa Teddington, Uingereza, akamjengea Lady Alice: urefu wa mita 12, mbao za mwerezi, vipande vitano vya kubebwa na wapagazi. Vilipofika Zanzibar mwaka 1874 na kupimwa, kila kipande kilizidi kilo 120. Hakuna kijia cha porini ambacho kingepitisha mzigo kama huo, ikabidi seremala avigawe upya kabla msafara haujaondoka Bagamoyo. Baada ya hapo mashua ilizunguka Ziwa Victoria mwaka 1875 na Tanganyika mwaka 1876, ikashuka Mto Kongo hadi ilipoachwa karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877. Majini ilifanya kazi yake yote. Kilichotaka kuikwamisha ni safari ya nchi kavu.

Nchi kavu yetu ni kiasi cha kilomita 110 za kona na miinuko kutoka Magadi hadi Nairobi, na karibu 480 nyingine hadi Mombasa. Chombo kitasafiri juu ya keria ya Probox, gari lenye urefu wa mita 4.2 hivi. Kayaki ya bahari ya mita 5.2 itatokeza nusu mita mbele na nusu mita nyuma, ikipigwa na upepo wa kila lori linalopishana nawe. Ya maporomoko, yenye mita 2.5, inakaa vizuri sana kwenye keria, ila ukiifikisha kwenye maji mapana inazungukazunguka na kukuchosha bila kukupeleka mbali.

Hapa fizikia inasaidia. Kikomo cha kasi ya chombo cha aina hii hufuata kipeuo cha pili cha urefu wake majini. Ukitoka mita 2.5 kwenda 4.3, kikomo kinapanda kwa takriban asilimia 30. Ukiongeza kutoka 4.3 hadi 5.2, unapata asilimia 10 tu, na unalipia kwa uzito, kwa bei na kwa ugumu wa kugeuza kwenye kona ya mto. Ndiyo maana tulisimama kati ya mita 4.2 na 4.5, upana wa sentimita 60 hadi 65. Kayaki ya plastiki ya kipimo hicho ina kilo 25 hivi. Watu wawili wanaipandisha kwenye keria bila kugombana.

Umbo la tumbo lina mvutano wake. Mtoni unataka omo na tezi vilivyoinuka, ili chombo kigeuke upesi mbele ya jiwe. Baharini unataka mkuku mrefu ulionyooka, la sivyo kusi ikikupiga ubavuni omo itaelekea kwenye upepo kila mara. Jibu letu lilikuwa mwinuko wa wastani pamoja na pezi dogo chini ya tezi, linaloteremshwa na kupandishwa kwa kamba. Mtoni linafichwa, kwenye maji mapana linashushwa. Mimi nalipendelea kuliko usukani wa nje, ambao ukigonga mwamba unapinda.

Kuhusu malighafi sikuwa na shaka. Faiba ni nyepesi na inapendeza, lakini inapasuka kwenye mawe, na magadi si rafiki wa gundi yake. Alumini ndiyo mbaya zaidi huku: aliyewahi kuchemsha maharagwe kwa magadi ameona sufuria inavyogeuka nyeusi. Plastiki ya polithini haijali magadi wala chumvi, na ikikwaruzwa inaendelea na kazi. Adui yake ni jua. Ukiikaza kwa mikanda juu ya gari na kuiacha juani Magadi, tumbo linabonyea. Ifunike, ilaze ubavu, legeza mikanda unapoegesha.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na rangi. Mimina ndoo ya maji kwenye chumba cha tezi, funga kifuniko, inua tezi, kisha chungulia nyuma ya kiti. Tone likipita kwenye ukuta wa ndani, chumba hicho hakitakubakiza juu siku utakapopinduka, kwa hiyo ukuta uzibwe kwanza. Halafu kaa ndani: magoti yashike chini ya sitaha, visigino vikute pa kukanyaga. Nyonga zikicheza kitini hutaweza kukiegemeza chombo wimbi likija ubavuni.

Mto gani basi? Athi unapita karibu na Kitengela na kuishia baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki, kwa hiyo ramani inashawishi sana. Tuliukataa. Kule Tsavo, unakoitwa Galana, una mamba na viboko. Desemba 2010 Hendri Coetzee, aliyeongoza msafara wa kushuka Nile Nyeupe yote mwaka 2004, alivutwa na mamba kutoka ndani ya kayaki yake katika Mto Lukuga, mashariki mwa Kongo. Alikuwa miongoni mwa wazoefu wakubwa wa mito ya Afrika.

Anzeni Tana ya juu huko Sagana, pamoja na waongozaji wanaoujua mto, kwenye sehemu tulivu kwanza. Kisha nendeni Hori ya Kilifi au Mida, mkiuliza wavuvi saa za maji kupwa na kujaa, kwa kuwa wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 4. Valeni maboya tangu ufukweni. Na Ziwa Magadi tuwaachie heroe.