Noti za Dansi na Mkono wa Mpigaji: Vitabu vya Muziki vya Ukoo wa Austen

Vitabu vya muziki vya ukoo wa Jane Austen, albamu 18 zenye vipande vipatavyo 600, viliwekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2015. Baadhi yake vimo katika nyumba ya Chawton, alikohamia mwandishi huyo mwaka 1809. Ni hatua ya kupongezwa, ila picha ya ukurasa yaweza kumpotosha mtafiti.

Chapa ya dansi ya London ya enzi hiyo ilikuwa fupi mno: aghalabu mstari mmoja wa tuni na, chini yake, maelekezo ya miondoko. Mpigaji ndiye aliyejaza mkono wa kushoto, akashika kasi, akairudia tuni ileile hadi safu nzima ya wachezaji ipate zamu. Desemba 1808 Austen alimwandikia dada yake kwamba angezifanyia mazoezi dansi hizo ili watoto wa kaka zao wajiburudishe.

Ndiyo maana tunautilia shaka usomaji wa Persuasion unaomwona Anne Elliot, anayepiga piano wenzake wakicheza, kuwa kielelezo cha unyonge tu. Kupiga nusu saa bila kukosea, machozi yakimlengalenga, katika muziki ambao chapa yake huviachia vidole sehemu kubwa ya kazi, ni umahiri. Katalogi inayotaja mchapishaji na ukurasa pekee huuacha nje umahiri huo. Kila picha iambatane na rekodi ya mpigaji, hata kama gharama yake itaizidi ile ya skana.