Viraka Vilivyokatwa Kabla Hujafika

Kuna aina ya Jumamosi ambayo imeota Nairobi miaka ya karibuni, na hata kama hujawahi kuihudhuria umeiona kwa simu. Ua la nyumba ya zamani, meza ndefu chini ya mti, maji ya limau, na watu wa rika letu wakifanya kitu kwa mikono. Wiki hii udongo, wiki ijayo rangi, inayofuata nyuzi. Bango huahidi mambo mawili: utajifunza na utatulia. Mwaka huu nimeenda warsha tatu za nyuzi, na nataka kuzisoma vile mtu husoma kitabu. Zinasema nini, zinaficha nini, na ni wapi zinashika.

Ya kwanza iligawanywa mara mbili: asubuhi kwilti, mchana felti. (Kamusi ina neno lake la kwilti, mfarishi, neno tamu kabisa. Sijawahi kulisikia Gikomba wala kwingine, kwa hivyo nitalitumia hapa angalau lipate hewa.) Kwa asiyejua, mfarishi ni tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Ule mshono unaopita kwenye tabaka zote tatu ndio unaozifanya kuwa kitu kimoja. Ukiunga viraka pekee, bado hujashona mfarishi.

Tulipewa bahasha kila mtu. Ndani, vipande 16 vya kitenge, vyote mraba, vyote vimekatwa tayari, na karatasi inayoonyesha kipi kikae wapi. Mwalimu alikuwa mpole na kazi anaijua, mishono yake ilikuwa midogo na sawa kama mchele mzuri. Jirani yangu mezani aliuliza kama anaweza kugeuza vipande viwili vilale upande. Akaambiwa, kwa upole uleule, ataharibu mpangilio.

Mpangilio wa nani? Hapo ndipo warsha ya asubuhi ilinipoteza. Katika mfarishi, kushona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuamua: kitambaa kipi, ukikate wapi, doa ulifiche au uliache lionekane, bluu ikae karibu na nyekundu au mbali nayo. Bahasha ilikuwa imeshaamua hayo yote kabla sijashuka matatu. Kufikia saa sita tulikuwa na foronya za mito zinazofanana kama sare ya shule, tukazipanga kwenye nyasi tukapiga picha. Ilikuwa picha safi, sikatai.

Mchana mambo yakabadilika, na sidhani waandaaji walikusudia. Felti ni kitambaa ambacho hakisokotwi wala kufumwa. Unatandaza sufu mbichi tabaka juu ya tabaka, hii ikilala hivi na ile ikiikata, unamwagia maji moto yenye sabuni, halafu unasugua. Unywele wa kondoo una magamba madogo madogo. Joto, sabuni na msuguano huyafanya yanasane, na yakishanasana hayaachani. Ukiwahi kuona sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji moto ikatoka saizi ya mtoto, basi felti umeshaiona, ila ilikuja bila mwaliko.

Dakika 20 za kwanza hakuna kinachotokea. Unasugua tope la nywele zinazonuka kondoo, na mikono inageuka kama ya mtu wa car wash. Mtu mmoja akasema amelipa 3,500 kuosha mbwa asiyekuwepo, meza nzima ikacheka. Kisha ghafla, chini ya kiganja, kitu kinajivuta. Mwalimu anakuambia ufinye kidogo na uinue: nyuzi zikitoka peke yake, endelea, zikiinuka na kitambaa chote, imeshika. Hakuna bahasha inayoweza kukufanyia hapo. Aliyesugua sana upande mmoja alipata kitu kilichopinda. Aliyetandaza nyembamba alipata matundu, akaamua ni dirisha. Hakuna vilivyofanana hata viwili, na watu walikuwa wakitembea kuangalia vya wenzao, kitu ambacho asubuhi hakuna aliyefanya. Ungeangalia nini asubuhi?

Kuna watu wamejenga sanaa nzima juu ya ukaidi huu wa sufu. Wakirgizi huko Asia ya Kati hutengeneza zulia la felti liitwalo shyrdak: felti mbili za rangi tofauti hukatwa umbo moja, halafu zinabadilishana, umbo la hii likijaza tundu la ile, kwa hivyo hakuna kinachotupwa. Unabaki hujui ipi ni picha na ipi ni nafasi iliyo nyuma yake. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wanaoijua wengi ni wazee na vijana hawaichukui. Nikisoma hivyo, warsha za Jumamosi hazinionekei upuuzi tena. Kufundisha ni suala la kitu kuishi au kufa. Ndiyo maana nasumbuka na *namna* ya kufundisha.

Chukua Gee's Bend, kijiji cha Weusi kwenye kona ya mto Alabama, Marekani, ambako watu wengi wanaitwa Pettway kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina la mwenye shamba aliyewamiliki mababu zao. Mwaka 1962, watu walipoanza kuvuka kwenda ng'ambo kujiandikisha kupiga kura, feri ikaondolewa. Ilirudi 2006. Katikati ya hayo yote wanawake walishona mifarishi kwa kilichokuwepo: jinzi za shambani, magunia ya mbolea, na baada ya 1972, mabaki ya kodrai kutoka kwa tenda ya kushonea kampuni ya Sears foronya. Mnamo 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha Whitney mjini New York, na wakosoaji wakapagawa. Wakataja Matisse. Wakataja Klee.

Nimeangalia picha za mifarishi hiyo mpaka bando ikaisha, na ninachokiona si Matisse. Kuna mmoja wa 1942 wa Missouri Pettway. Mumewe alikuwa amefariki, na yeye akazichukua nguo zake za kazi, akazikata, akazishona ili ajifunike nazo. Vipande ni virefu, vimepauka, na pale mfuko ulipobanduliwa au goti lilipochakaa, rangi ni tofauti. Goti hilo huwezi kulipanga. Yule mzee alilipanga mwenyewe, miaka yote aliyopiga magoti shambani, na kazi ya Missouri ilikuwa kujua aliweke wapi. Sasa fikiria mtu anamkabidhi Missouri bahasha ya vipande 16.

Na walijifunzaje? Kwa mama, kwa shangazi, kwa kukaa karibu na fremu ya kushonea na kutunga uzi kwenye sindano za wakubwa. Mtoto huambiwa kidogo sana, huona sana. Tangu 2022, kila Oktoba, wenyewe huanika mifarishi nje kwenye kamba na kuta kama walivyoanika zamani, wageni wanakuja, na wanaofundisha ni wanawake wa hapo hapo. Hilo la mwisho si jambo dogo. Mwaka 2007 baadhi yao, akiwemo Annie Mae Young na Loretta Pettway, walienda kortini wakisema kazi yao imewatajirisha wengine. Kesi zikamalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano. Sifa walishapata kabla ya hapo. Hata stempu za posta zilichapishwa na mifarishi yao. Ila kati ya sifa na pesa kuna mto, na wao wanajua vizuri maana ya kunyimwa feri.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, na watu hutarajia mtu kama mimi aseme darasa ni ujinga. Sisemi. Ila nilikaa mbele ya noti zilizogeuka rangi ya chai, zikisomwa taratibu ili tuzinakili na kuzirudisha kwenye mtihani vilevile, kwa hivyo bahasha naijua nikiiona. Anayekukabidhi jibu lililokatwa tayari anakuonea huruma usikosee, na huruma hiyo hiyo ndiyo inayokufunga. Na sijasema watu wasistarehe. Kicheko cha mchana ule kilikuwa starehe tosha, na kilitoka kwenye sufu kukataa amri.

Warsha ya pili sina mengi ya kusema. Ilikuwa ile ya kuchoma sufu kwa sindano yenye vikwaru mpaka iwe kinyama. Tulitengeneza twiga. Wote twiga.

Ya tatu ndiyo ningekulipia uende. Mwanamke mmoja, fundi wa nguo mwenye kibanda Kawangware, alifungua gunia akalimwaga mezani: mabaki ya sare za shule, kitenge cha harusi, lesi, khaki ya mlinzi, pindo la kanga lililokatwa katikati ya maneno. Akasema kila mtu achague sita tu, na kimoja kiwe unachokichukia. Kelele ilikuwa ya soko. Nilichukua kijani cha sare ambacho kilinirudisha darasa la saba, na kwa saa nzima sikushona, nilihamisha tu vipande huku na kule. Alipopita aliangalia, akakata kijani changu kona bila kuniomba ruhusa, akaenda zake. Kikakaa. Bado sijui aliona nini, ila sasa naangalia kona za vitu.

Mifarishi yetu midogo ilitoka mibaya kwa namna 12 tofauti, na miwili ilitoka mizuri kweli. Moja ya hiyo miwili ilikuwa ya kijana wa kodi za mtandao ambaye alisema hajawahi kushika sindano, akaunga khaki na lesi kwa uzi mwekundu unaoonekana waziwazi.

Kwenye bango la siku hiyo mwenye studio alikuwa "msanii" na jina lake lote. Fundi hakuwepo. Kwenye ratiba aliandikwa "msaidizi", herufi ndogo, na nilipomuuliza mwenye studio analipwa ngapi, nikaambiwa hiyo ni kati yao. Tulikuwa 14, 4,000 kila mtu. Hesabu piga mwenyewe.

Jioni fundi alirudisha mabaki kwenye gunia moja baada ya jingine, kwa sababu kile ambacho hatukutumia yeye huuza kwa watu wa kujaza mito. Watatu wetu tulimfuata hadi getini kuomba namba. Akatupa ya till, akasema Jumapili kibanda huwa wazi kuanzia saa nane, tuje na nguo zetu wenyewe za kukata.