Wabeba habari katika tamthilia ya Julius Caesar

Tamthilia ya Julius Caesar, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili waliipata kwanza kwa mkono wa Julius Nyerere katika tafsiri ya mwaka 1963, ina wahusika zaidi ya 40. Wanaokumbukwa ni wanne: Caesar, Brutus, Cassius na Antony. Waliobaki huingia, husema machache, hutoka, na wengi wao hatuwaoni tena. Ni rahisi kuwachukulia kama watu wa kujaza jukwaa. Lakini ukiwafuatilia utaona kwamba wengi wamepewa kazi ya aina moja, nayo ni kuleta habari. Wakubwa huanguka kwa namna wanavyoipokea.

Shakespeare hakubuni kisa hiki. Alikichota kwa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Kwa hiyo tunaweza kuyaweka maandishi mawili sambamba na kuona fundi alipitisha wapi patasi yake.

Chukua Artemidorus. Kwa Plutarch, anampa Caesar karatasi ya kumwonya juu ya njama ya Brutus, Cassius na wenzao ya kumuua. Caesar anaipokea, anajaribu kuisoma, lakini msongamano wa watu wanaomsalimu haumpi nafasi. Ni bahati mbaya tu. Shakespeare anaiondoa bahati hiyo. Artemidorus wake anasihi barua yake isomwe kwanza kwa sababu inamgusa Caesar mwenyewe, naye Caesar anajibu kwamba linalomhusu yeye litashughulikiwa mwisho. Ni jibu la kiongozi anayejua kwamba anatazamwa. Kwa maneno machache, mtu tusiyemjua ametufichulia kwamba Caesar amekuwa mateka wa sura yake ya hadharani.

Brutus naye ana mleta habari wake. Lucius, kijana anayemtumikia, anaokota karatasi dirishani na kumpelekea bwana wake, bila kujua kwamba Cassius ndiye aliyeipanga ili kumvuta Brutus kwenye njama. Maneno yake yamekatwakatwa, na Brutus anajijazia mwenyewe yasiyoandikwa. Anasoma anachotaka kukisoma.

Popilius Lena ana nafasi ndogo kuliko hao wote. Anamtakia Cassius heri katika shughuli ya leo, kisha anamwendea Caesar. Shughuli ipi? Cassius anahaha, anadhani siri imevuja, anasema atajiua. Brutus anamtuliza: Popilius anatabasamu, na uso wa Caesar haujabadilika. Hapo hadhira inapata taharuki, lakini pia inafahamishwa tabia ya Cassius: huuwahi upanga kabla ya kuhakikisha habari. Mbegu hiyo itaota baadaye sana.

Kisha Cinna mshairi, katika onyesho lisilofika mistari 50. Kwa Plutarch, umati unamuua kwa kumdhania Cinna mwingine, yule aliyeshiriki njama. Shakespeare anaongeza jambo la kutisha: mshairi anawaeleza kwamba yeye si huyo. Wanamsikia na wanamwelewa. Wanamuua hata hivyo, kwanza kwa kisingizio cha mashairi yake mabaya, kisha kwa sababu jina lake ni lilelile. Hatuhitaji tena kuambiwa hotuba ya Antony kwenye mazishi ya Caesar imefanya nini mjini Roma. Kwangu hili ndilo onyesho kali kuliko yote, na waongozaji wanaolikata ili kuokoa muda wanaiondolea hotuba ile matokeo yake.

Lakini ustadi wenyewe uko kwa Pindarus, mtumwa wa Cassius. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliona tamthilia ya Julius Caesar mjini London tarehe 21 Septemba 1599, akaandika kwamba waigizaji walikuwa kama 15. Kwa idadi hiyo mwigizaji mmoja alilazimika kubeba nafasi kadhaa, na vita vya Filipi, kati ya jeshi la Brutus na Cassius na lile la Antony na Octavius, visingeweza kuonyeshwa kwa ukubwa wake. Plutarch anasema Cassius mwenyewe, aliyekuwa na macho mabovu, alitazama kutoka kilimani na kudhani rafiki yake Titinius ametekwa. Pindarus anahitajika tu mwishoni, kumuua Cassius kwa upanga. Shakespeare anaihamisha kazi ya kutazama na kumpa mtumwa. Pindarus anapanda juu, Cassius anabaki chini, nasi tunabaki naye. Tunasikia kwamba wapanda farasi wamemzunguka Titinius, kwamba amekamatwa, kwamba wanapiga kelele za furaha.

Kelele zilikuwa za kweli. Wapanda farasi walikuwa wa kweli. Ila walikuwa watu wa Brutus, na furaha ilikuwa ya kukutana na rafiki. Kwa kuwa hatukuona, tumedanganyika pamoja na Cassius, jambo ambalo lisingewezekana kama vita vingechezwa mbele yetu. Cassius hatumi mtu wa pili. Anampa Pindarus uhuru wake na upanga uleule uliomchoma Caesar, anafunika uso na kufa. Pindarus anakimbilia mbali na Warumi. Punde Titinius anaingia, mzima, akiwa na shada la ushindi.

Mleta habari wa mwisho ni Strato, mtumishi wa Brutus. Brutus, akiwa ameshindwa vitani, amewaomba Clitus, Dardanius na Volumnius wamsaidie kufa, wote wakakataa. Strato, aliyekuwa amelala muda wote huo, ndiye anayeushika upanga. Adui wanapofika na mateka wao Messala, rafiki wa Brutus, naye Messala anapouliza bwana wa Strato yuko wapi, Strato anawaambia kwamba Brutus yuko huru na hakuna aliyemshinda ila yeye mwenyewe. Safari hii habari ni sahihi, na walioletewa wanaiamini papo hapo. Octavius anauliza kama Strato atakubali kumtumikia, Messala anamdhamini, na Strato anapata bwana mpya.