Mnyumbuliko wa Vitenzi vya Kihispania: Majedwali Matatu au Mawili?

Tangu Antonio de Nebrija achapishe sarufi yake mwaka 1492, vitenzi vya Kihispania vimegawanywa katika makundi matatu: -ar, -er na -ir. Vitabu vya kiada navyo humtaka mwanafunzi akariri majedwali matatu ya wakati uliopo. Kwa vitenzi vinavyofuata kanuni, mzigo huo si wa lazima. Tulinganishe comer (kula) na vivir (kuishi): como, comes, come, comen, vivo, vives, vive, viven. Viishio ni vilevile. Tofauti hujitokeza katika nafsi ya kwanza na ya pili wingi tu: comemos/vivimos, coméis/vivís, na kwa anayeelekea Meksiko, hiyo ya pili haina matumizi. (Argentina, penye vos, ni habari nyingine: comés, vivís.)

Lakini umbo linalobaki lina mtego ambao jedwali haliuoneshi. Vivimos ni ‘tunaishi’ na pia ‘tuliishi’, sawa na hablamos, ‘tunasema’ au ‘tulisema’. Comemos ni ‘tunakula’ tu, kwani ‘tulikula’ ni comimos. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea -na- na -li- kuonesha njeo bila kuchanganyika na kiambishi cha nafsi, hunaswa hapo kwa urahisi. Mazoezi ya vitabu hivyo, kwa bahati mbaya, huishia kabla ya kufika hapo.